Panadol ya saa kumi na moja alfajiri

Wifi yangu mwanae kaanza darasa la kwanza mwaka huu, na juzi kanitumia voisi wasap ya dakika nne, anaongea huku analia kidogo huku anakaanga kitu maana nasikia mafuta yanalia nayo, swali lenyewe fupi tu, wifi wewe unajuaje leo mtoto aende shule au abaki? Nikamwambia ntakujibu nikitulia. Leo nimetulia, yani nimetulizwa, kwa sababu na wangu yuko nyumbani. Ana miaka minane, yuko darasa la tatu, na wakati naandika hapa yuko juu ya kochi anaruka anadaka mto anasema yeye kipa. Huyuhuyu juzi usiku alikuwa anatetemeka ndani ya mablanketi mawili, na joto la Dar hili.

Niseme ukweli kwanza kabla sijaanza kujifanya nesi. Siku nyingi tunachojiuliza wala sio mtoto anaumwa kiasi gani, tunajiuliza nani atabaki nae. Saa kumi na nusu alfajiri unamshika paji la uso, kabla mkono haujajua kama ni moto kichwa kishaanza kupiga hesabu, leo nina kikao saa tatu, dada kaenda kwao Korogwe msibani, bibi yake yuko Mbezi na foleni unaijua, gari la shule linapita saa kumi na moja na dakika arobaini na dereva akishapiga honi mbili huyo kaondoka. Kwenye hesabu yote hiyo mtoto mwenyewe anakuja mwisho. Halafu mkono unasema aah, sio moto sana bwana, ni joto la shuka.

Mimi joto la shuka lilinitia aibu mwaka juzi.

Tulikuwa tumerudi kutoka Mtwara kwa bibi yao mzaa mama, likizo, kama wiki mbili zimeshapita. Asubuhi kijana kaamka mzito, hataki taa iwashwe, anasema kichwa. Kipimajoto kikaleta 38.2. Na mimi ofisini kulikuwa na wakaguzi wa mahesabu, ile wiki ambayo hata ukifiwa unaulizwa kwanza faili umeliweka wapi. Nikachukua panadol ya maji, ile ya pinki, nikapima kwenye kikombe chake, nikampa saa kumi na moja kamili. Saa kumi na moja na nusu mtoto kachangamka, kanywa chai, kacheka. Nikajiambia si unaona. Nikamwambia na yeye, ukisikia vibaya mwambie mwalimu, ila usiseme kama umekunywa dawa. Nyie, mtoto wa miaka sita unampa siri.

Panadol inafanya kazi masaa manne mpaka sita hivi. Saa nne na robo simu ya shule ikaita. Mtoto katapikia daftari la mwenzake, ana 39.4, kalazwa kwenye benchi chumba cha matroni. Nikaacha wakaguzi na mafaili yao nikapanda bodaboda kutoka Posta mpaka Tabata na sketi ya ofisi. Nafika, mwalimu wake wa darasa hata hakunigombeza, angenigombeza ningejisikia afadhali, kaniuliza kwa sauti ya chini tu, mama, asubuhi alipewa dawa? Nikafungua mdomo niseme hapana. Mtoto pale kwenye benchi, macho kafumba, akajibu yeye: "Nimekunywa ya pinki ila mama kasema nisiseme."

Mwalimu akaangalia dirishani. Mpaka leo nikikutana nae kikao cha wazazi nakaa nyuma.

Kituo cha afya wakamtoboa kidole, tukasubiri kama dakika ishirini, malaria. Daktari kauliza mmesafiri? Mtwara. Akaandika tu. Sisi watu wa Dar malaria imetupungukia mpaka tumeanza kuisahau, homa yoyote tunaita mafua, lakini ukitoka mikoa kama Mtwara, Tabora, Kigoma au Geita mbu wa kule hajali wewe unaishi wapi, na yule mdudu anakaa mwilini wiki moja mbili kabla hajaanza fujo kwa hiyo mnarudi wazima mnafua nguo za safari mnasahau. Dawa mseto ni dozi sita kwa siku tatu, ya kwanza palepale, ya pili baada ya masaa manane, na hiyo usimuonee huruma kwa sababu kalala, unamuamsha, halafu asubuhi na jioni siku mbili zilizobaki, pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta maana bila mafuta mwili hauichukui vizuri. Mimi niliyebania siku moja ya kukaa nyumbani nikakaa siku nne.

Kwa hiyo wifi jibu langu la kwanza ni hilo, panadol ya kumsafirishia mtoto shule kwangu haipo tena. Nampa nyumbani apumzike, nikishampa ujue leo haendi.

Na usitumie mkono. Mkono unadanganya, hasa mkono wa mama anayewahi kazini. Nunua kipimajoto cha digitali cha kuweka kwapani kinatosha kabisa, kliniki wanahesabu homa kuanzia 37.5 ya kwapani. Akiwa nayo anabaki, sina mjadala. Kurudi shule nahesabu masaa 24 tangu homa imekata yenyewe bila dawa, na hapo kwenye bila dawa ndo watu tunajiibia, kama kanywa saa tisa usiku na asubuhi yuko poa bado hujajua kama yuko poa, unachokiona pale ni dawa.

Ubaya wa masaa 24 ni siku kama ya leo. Homa imekata jana saa nane mchana, mpaka alfajiri ya leo ni masaa kumi na tano, haendi. Na hii ndo siku ngumu kuliko ya homa yenyewe kwa sababu mgonjwa kala mkate vipande vitatu, anadai katuni, kavunja kikombe, na jirani aliyepita kuazima ndoo kamuona akasema "huyu nae mgonjwa?" nikacheka tu, ntafanyaje.

Kutapika na kuhara nasubiri siku mbili nzima tangu mara ya mwisho. Hii kwenye grupu la wazazi waliniona mnoko. Lakini nenda kachungulie choo cha shule saa ya mapumziko, sisemi shule ipi maana ziko nyingi tu, ndoo moja kopo moja, sabuni iliisha mwezi uliopita, watoto mia wanapita pale halafu wanatoka mbio kwenda kununua barafu ya ubuyu. Na unajua barafu inavoliwa. Mmoja ananunua ya mia, anang'ata kona ya mfuko, ananyonya, anampa rafiki yake, rafiki anampa rafiki yake, inazunguka benchi zima mpaka inarudi plastiki tupu. Muingize mtoto anayeharisha kwenye mzunguko ule Jumatatu uone Ijumaa darasa litakavokuwa. Nyumbani ni ORS, pakiti moja kwenye lita moja ya maji safi, sio kikombe kimoja ili iwe na nguvu kama anavosema shemeji yako, na zinki siku kumi hata kama kuhara kumekata siku ya tatu. Chakula anakula kama kawaida, usimfungishe.

Macho mekundu unakumbuka Januari 2024, shule ndo zimefunguliwa, mji mzima macho mekundu, ofisini watu wamevaa miwani ya jua ndani kama wasanii. Yale ni kirusi, hakuna tone la kuyakata kesho yake, unanawisha unasubiri, taulo lake peke yake, mto wake peke yake. Ushauri nilioupata kwenye ngazi tu za nyumba tunayoishi: maziwa ya mama, chai ya rangi iliyopoa, na mwingine sitamtaja alisema mkojo. Wizara ilibidi itoke iseme watu waache kujitibu na dawa zisizo rasmi. Wangu alikaa siku sita mpaka machozi na tongotongo vikaisha.

Tetekuwanga sasa. Ile anabaki mpaka malengelenge yote yakauke yafanye magamba, mpaka la mwisho kabisa, kama siku tano au zaidi kidogo. Mwaka jana aliamka na vipele vitatu tumboni, mama mkwe alikuwa kwetu kaangalia kasema mbu hao. Ilikuwa Alhamisi ya mtihani, nikatamani sana wawe mbu. Kilichonishika ni mwalimu wake, alikuwa mjamzito tumbo limeshatoka, na tetekuwanga kwa mjamzito ambae hajawahi kuiugua ni hatari kwake na kwa kiumbe kilichomo ndani, nikaona nikikosea hapa sitakuwa na maneno ya kumwambia yule dada wa watu. Nikambakisha. Saa sita mchana vipele nimehesabu mpaka thelathini nikaacha. Mama mkwe hakusema kitu, kaenda nje kachuma mwarobaini. Tukamuogesha mwarobaini tukampaka na kalamaini, sijui kipi kilisaidia, kujikuna kulipungua. Aspirini usije ukampa mtoto mwenye tetekuwanga hata iweje. Nikapiga simu shule nikawaambia ukweli nani anaumwa nini ili wamwambie mwalimu. Baada ya wiki mbili akaanza mdogo wake, maana inajificha siku 10 mpaka 21, kwa hiyo usijidai umeponea.

Mafua bila homa anaenda. Mafua yakiwa sababu, Juni na Julai na kile kiupepo Dar hakuna mtoto atakayesoma. Kikohozi cha baada ya mafua kinaburuza, akiwa anacheza anakula anaenda, kikivuka wiki mbili mpeleke akaangaliwe na kifua kikuu waangalie. Mwenye pumu anaenda na pampu yake kwenye begi na mwalimu ajue inakaa mfuko gani. Mapunye anaenda akishaanza dawa, ila ya kichwani yanataka vidonge, ukipaka mafuta juu unapaka nywele tu.

Halafu kuna tumbo. Wifi jiandae na tumbo.

Mwaka jana alikuwa anaumwa tumbo kila Jumatano. Mara ya kwanza nikambakisha, saa mbili asubuhi yuko nje na baiskeli. Mara ya pili nikajifanya mjanja nikampima na chipsi, nikasema haya basi leo tubaki tule chipsi mayai, maana tumbo la kweli ukilitajia chipsi linageuka upande wa pili. Likapona palepale. Nikamvalisha nikamtupia kwenye gari. Nilijiona mama mwenye akili kweli, nikawasimulia na ofisini tukacheka. Jumatano ya tatu nikaona analia machozi yenyewe, hajakunja uso, yanatoka tu. Jioni nikamkalisha jikoni nikamuuliza pole pole, kumbe Jumatano ni siku ya kusimama mbele ya darasa kutaja tebo, akikwama anachapwa kiganjani. Sasa lile tumbo lilikuwa la uongo? Lilikuwa linauma. Mtu mzima akiwa na kikao na bosi tumbo linamuuma anakubaliwa, mtoto anaitwa muongo. Nilienda kuongea na mwalimu mkuu, na usiku tukawa tunapanga maharage mezani saba saba mpaka tebo ya saba ikaingia, na tumbo likaisha lenyewe. Siku hizi tumbo likija naangalia kwanza leo siku gani.

Ila lile linaloanzia kitovuni likahamia chini kulia, anatembea kainama, hataki uguse, hilo usiulize ni siku gani, ni hospitali sasa hivi, kinaweza kuwa kidole tumbo.

Kitu kingine kinachonikera, na nikishakisema hapa najua kuna mwalimu atanuna, ni vile vyeti vya mwisho wa mwaka vya mtoto ambae hajakosa hata siku moja. Wangu alilia mwaka jana, sio kwa sababu ya tetekuwanga, kwa sababu ya cheti. Anamuona mwenzake anapanda jukwaani anapigiwa makofi, na mimi mama yake nakumbuka yule mwenzake alivokuwa anakohoa Mei nzima kamkalia pembeni. Tunawapa zawadi watoto kwa kuja na homa zao.

Turudi kwa nani anabaki maana ndo kiini cha yote. Baada ya ile malaria, ofisini wakaniambia siku zangu za mtoto kuumwa zimeisha. Nikadhani wananichezea, nikaenda kusoma mwenyewe Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Imeandikwa kweli, angalau siku 4 zenye malipo mtoto wako akiumwa. Ila ni siku 4 ndani ya mzunguko wa miezi 36. Miaka mitatu! Na humohumo kwenye nne hizo na misiba imo, ukifiwa na mtoto, mume, mzazi, babu au bibi, mjukuu, ndugu uliyezaliwa nae. Yani ukishamuuguza mtoto siku nne mwaka huu, mama yako anatakiwa asubiri. Mwajiri anaruhusiwa kukupa zaidi akipenda, wa kwangu hajapenda, kwa hiyo homa zote zilizofuata nimezikata kwenye likizo ya mwaka, zile siku 28, na ndo maana wifi unaniona Desemba siji popote.

Lakini nikasoma tena ule mstari polepole nikaona kitu. Sheria imesema mfanyakazi. Haijasema mama. Nikampelekea baba watoto simu, nikamwambia soma hapa. Akasoma. Akarudia. Akasema, kwa hiyo hata mimi? Nikamwambia hata wewe, una nne zako hazijaguswa toka tumezaa. Akasema sawa na akaenda kuoga, aliogea muda mrefu sana siku hiyo. Toka hapo tunapeana zamu, sio kwamba inaenda vizuri kila mara, kuna siku tumenuniana mlangoni kila mtu na begi lake, lakini angalau saivi saa kumi na nusu ile hesabu tunaipiga watu wawili.

Dada namuachia mgonjwa siku ya pili ya tatu, sio ya kwanza. Ni binti wa miaka 19, mchapakazi, ila sio haki kumuachia mtoto wa 39 na kesi ya kuamua aite nani. Kwenye friji nimebandika karatasi: hanywi kitu, anatapika kila anachopewa, anapumua haraka mbavu zinaingia ndani, analegea haamki vizuri, degedege. Moja tu kati ya hizo unapiga simu, usiposikia jibu unapiga kwa baba, asipopokea unamuita boda wa kona na unaenda nae. Degedege nimeandika na maelezo kabisa, mlaze ubavu, usimuwekee kijiko mdomoni, na usimsikilize mtu atakayesema mtoto wa degedege akichomwa sindano anakufa, hayo maneno bado yanazunguka mtaani kwetu na yanachelewesha watoto hospitali.

Nimeacha kuandika kidogo nikarudi. Saa saba hii. Nilisikia kochi liko kimya, nikajua kuna kitu kinavunjwa chumbani, kumbe kipa kajilaza mwenyewe kakumbatia mto. Nimeweka kipimajoto, 38.1. Imerudi, na ukihesabu toka juzi ni siku ya tatu, kwa hiyo wifi mengine ntakupigia, navaa tunaenda wakamtoboe kidole, hatujasafiri safari hii lakini sibahatishi tena. Nimempigia baba watoto nikamwambia kesho zamu yako. Kasema sawa mama, hamna shida kabisa, mimi nipo. Kanyamaza kidogo, halafu kauliza, hivi kipimajoto kinakaaga wapi?